Akiba Huoza: Mazungumzo Juu ya Filamu Iliyosahauliwa

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama mmoja wa Umoja wetu jioni ya mkutano wa mwaka, katika bwalo la chakula. Yanachapishwa kwa ombi la waliohudhuria. Vichwa vidogo vimewekwa na mhariri.)

Ndugu Mwenyekiti wa Umoja, Mkuu wa Shule, walimu, wazee wenzangu tuliolala katika mabweni haya, na ninyi vijana mnaolala humo sasa:

Nimepewa nusu saa. Mwenyekiti ameninong'oneza kwamba mwaka jana msemaji alikwenda saa nzima na wali ukapoa. Nitajitahidi wali usipoe.

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo mke wangu huliita ugonjwa, nami huliita kazi ya jioni, yaani kukusanya filamu za zamani. Wapo wanaokusanya stempu, wapo wanaokusanya sarafu, na katika darasa letu alikuwapo mmoja aliyekusanya madeni. Mimi nilijikuta nakusanya sinema, na hasa zile zilizotengenezwa miaka kumi hivi baada ya Vita Kuu ya Pili, zenye bastola, kivuli, mvua na mwanamke anayejua zaidi ya anavyosema.

Badala ya kuwatajia filamu mia, nitawaeleza habari za moja tu. Inaitwa "Woman on the Run", yaani "Mwanamke Mbioni". Ilitolewa Marekani mwaka 1950. Sitashangaa kama humu ndani hakuna aliyewahi kuisikia. Hata huko kwao, kwa zaidi ya miaka 50, walioijua walikuwa wachache. Baada ya chakula tutaionyesha hapa hapa ukutani. Ni ya dakika 77, kwa hiyo mwalimu wa zamu asiwe na wasiwasi, wanafunzi watalala kwa wakati.

Kisa chenyewe

Usiku mmoja mjini San Francisco, mji wa vilima kwenye pwani ya magharibi ya Marekani, mtu mmoja aitwaye Frank Johnson anamtembeza mbwa wake. Ghafla anashuhudia mtu akipigwa risasi ndani ya gari. Muuaji anamwona, anamfyatulia na yeye, lakini risasi inapiga kivuli chake. Polisi wanafika. Wanamweleza Frank kwamba marehemu alikuwa shahidi katika kesi ya jambazi mkubwa, na kwamba tangu sasa shahidi ni yeye. Frank anapiga hesabu ya haraka. Ikiwa shahidi wa kwanza ameuawa, wa pili atasalimika vipi? Polisi wanapogeuka, anateleza gizani na kutoweka.

Inspekta anakwenda kwa mkewe, Eleanor. Anamwuliza maswali ya kawaida ambayo mke yeyote angeyajibu. Mumeo ana marafiki gani? Hupenda kwenda wapi? Eleanor anajibu kwa ulimi mkali, lakini majibu yenyewe hana. Ndoa yao imepoa kama uji wa jana. Wanaishi nyumba moja kama wapangaji wawili. Halafu anapata habari ambayo mumewe hakuwahi kumwambia: Frank ana ugonjwa wa moyo, na bila dawa anaweza kufa huko alikojificha hata kabla muuaji hajamfikia.

Basi Eleanor anatoka kumtafuta. Nyuma yake wapo polisi. Kando yake anajitokeza mwandishi wa gazeti, Dan Leggett, mcheshi, mwenye fedha mkononi, anayetaka habari hiyo iwe ya gazeti lake peke yake. Frank naye amemwachia mkewe barua yenye fumbo. Mahali anapomngojea hapakutajwa jina. Pameelezwa kwa kumbukumbu ya mambo yao wawili, ili adui akiisoma asiambulie kitu. Eleanor hana budi kukumbuka mapenzi yao ya zamani, maana huo ndio ufunguo pekee alioachiwa.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, filamu hii inapozishinda nyingi za aina yake. Eleanor anazunguka mji mzima, kazini kwa mumewe, mahali alipokuwa akinywa, mtaa wa Wachina, na kila anayekutana naye ana kipande cha Frank ambacho yeye mkewe hakuwa nacho. Frank ni mchoraji aliyekata tamaa, anayepata riziki kwa kupamba madirisha ya duka kubwa. Huko dukani Eleanor anaelezwa kwamba sanamu za kuvalishia nguo ambazo mumewe alizitengeneza zina sura yake yeye Eleanor. Watu wa mji mzima wamepita wakiitazama sura yake dirishani, na mwenyewe hakujua. Anayemtafuta kama wajibu asubuhi, jioni anamtafuta kama mpenzi.

Katikati ya mchezo sisi watazamaji tunaonyeshwa muuaji ni nani. Eleanor haonyeshwi. Kuanzia hapo kila hatua anayopiga tunataka kumpigia kelele. Jina la muuaji silitaji, nisije nikapigwa mawe na kidato cha kwanza. Nitasema tu kwamba mwisho wake uko kwenye uwanja wa michezo ufukweni, usiku, penye vile vigari vinavyopanda na kuporomoka juu ya reli. Eleanor amefungiwa ndani ya kigari, anazungushwa juu, anaona mambo yanayotendeka chini, anapiga ukelele, na hakuna anayemsikia kwa sababu kila aliye katika vigari vile anapiga ukelele. Nimeitazama mara nyingi, na bado mikono hunitoka jasho.

Filamu nyeusi

Vijana wataniuliza, hizi ni filamu za namna gani? Wafaransa ndio waliozipa jina. Wakati nchi yao ilipokuwa chini ya Wajerumani, filamu za Marekani hazikuingia. Vita vilipokwisha zikaingia kwa mkupuo, na mwaka 1946 wahakiki wa Paris, akiwamo Nino Frank, wakagundua kwamba katika miaka ile Wamarekani walikuwa wamebadilika. Hadithi zao za upelelezi zilikuwa zimeingiwa na giza. Wakaziita "filamu nyeusi". Kwamba hazikuwa na rangi si sababu, maana wakati huo filamu nyingi hazikuwa na rangi. Weusi uliokusudiwa ulikuwa wa moyo.

Baada ya vita, giza hilo likazidi. Askari walirudi wakakuta nyumba zimebadilika, au wao wenyewe wamebadilika. Wake waliokuwa wakifanya kazi viwandani walirudishwa jikoni. Mtu aliyejifunza kuua aliambiwa sasa auze bima. Filamu hizi hazikuyahubiri hayo, ziliyaweka tu kwenye kona ya barabara, usiku, chini ya taa moja. Ndiyo maana mwanahistoria akitaka kuujua moyo wa Mmarekani wa mwaka 1950, pamoja na hotuba za wakuu, atazame na hizi.

Kazi ya kuipiga picha "Woman on the Run" ilifanywa na Hal Mohr, fundi ambaye alikwisha kupata tuzo ya Oscar mara mbili. Mwongozaji alikuwa Norman Foster, ambaye hapo kabla aliongoza "Journey into Fear" ya mwaka 1943 akiwa na kundi la Orson Welles. Eleanor aliigizwa na Ann Sheridan. Huyu kampuni ya Warner ilikuwa imemtangaza kwa uzuri wake, mabango makubwa na sifa nyingi. Katika filamu hii amevaa koti la kawaida, amechoka, na maneno yake yanakata kama wembe. Amekwisha kuacha kuwa picha ya ukutani, amekuwa mtu. Mwandishi wa gazeti ni Dennis O'Keefe, Inspekta ni Robert Keith, na Frank ni Ross Elliott.

Kwa nini ilisahauliwa

Kama ni nzuri hivyo, kwa nini ilisahauliwa? Sababu ziko tatu, na hakuna hata moja inayohusu ubora wake.

La kwanza, haikuwa na baba. Ilitengenezwa na kampuni ndogo iliyoitwa Fidelity, na Universal waliisambaza tu. Kampuni kubwa hulinda filamu zake kama mkulima na shamba lake, maana ataziuza tena na tena. Filamu ya kampuni ndogo, kampuni ikifa, inakuwa yatima.

La pili ni sheria. Wakati ule sheria ya Marekani iliipa kazi hakimiliki ya miaka 28, kisha mwenyewe alipaswa kuomba iongezwe. Yatima nani atamwombea? Filamu kama hii ziliangukia katika mali ya umma. Labda mtadhani hilo ni jema, kwamba kilicho cha wote kitatunzwa na wote. Ninyi mliowahi kukaa bweni moja mnajua cha wote hutunzwaje. Kila mtu aliruhusiwa kuiuza, kwa hiyo hakuna aliyeona faida ya kuisafisha. Zikatapakaa nakala mbovu za video, zilizonakiliwa kutoka nakala nyingine mbovu, uso wa Ann Sheridan ukiwa doa jeupe na usiku wa San Francisco ukiwa matope.

La tatu, ilizaliwa mwaka wenye ushindani mkali. Mwaka ule ule wa 1950 zilitoka "Sunset Boulevard", "The Asphalt Jungle", "In a Lonely Place" na "Night and the City". Mtoto mpole akizaliwa katika nyumba ya wapiga ngoma, nani atamsikia?

Moto wa mwaka 2008

Sasa nasikia wazee wanaanza kutazama upande wa jikoni. Nivumilieni, maana hapa ndipo penye kisa cha pili, na si cha kutungwa.

Mwaka 2003 mwandishi mmoja wa San Francisco, Eddie Muller, alianzisha tamasha la filamu nyeusi katika mji wake. Alitaka kuonyesha filamu hii kwa sababu mji wenyewe umo ndani yake. Ikapatikana nakala moja ya milimita 35, safi kabisa, katika stoo ya Universal. Watu waliijaza sinema, wakaipigia makofi, nakala ikarudishwa stoo.

Tarehe 1 Juni 2008 moto mkubwa uliwaka katika viwanja vya Universal, karibu na Los Angeles. Stoo ziliungua, na ile nakala ikawa majivu. Wakati huo ilidhaniwa kwamba hakuna nyingine.

Lakini Muller, kabla ya kuirudisha nakala ile, alikuwa amejiwekea kopi ya kielektroniki. Haikutosha kuonyeshwa kama filamu kamili, lakini ilizuia watu wasisahau kilichopotea. Wakaendelea kutafuta. Mwishowe ikaja habari kutoka London. Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilikuwa na mikanda ya filamu hiyo katika hazina yake, imekaa huko kimya miaka yote. Shirika ambalo Muller aliliunda la kuokoa filamu za aina hii likachangisha fedha, mafundi wa hazina ya filamu ya Chuo Kikuu cha UCLA wakafanya kazi, na mwaka 2015 "Woman on the Run" ikarudi ukutani mjini San Francisco. Mwaka 2016 ikatolewa kwenye diski pamoja na kijitabu chake. Diski hiyo ndiyo hii niliyoishika.

Ndugu zangu, itazameni njia hiyo. Filamu iliungua kwao, ikaokolewa na mkanda uliokuwa ng'ambo ya bahari, ambao mtu fulani wa stoo, ambaye jina lake hatulijui, aliuweka rafuni na hakuutupa. Wala si filamu hii peke yake. "Too Late for Tears" ya mwaka 1949 ilitengenezwa upya kwa msaada wa mkanda uliopatikana Ufaransa. "Detour" ya mwaka 1945 ilisafishwa kwa kutumia nakala iliyotunzwa Ubelgiji.

Wakusanyaji hutafuta nini

Watu huuliza, sasa kwa kuwa filamu iko kwenye diski, mkusanyaji anatafuta nini tena? Anatafuta mambo mengi, na nitawatajia machache kwa faida ya yeyote anayetaka kuambukizwa.

Kwanza ni mkanda wenyewe. Nakala ya sinema kubwa ni ya milimita 35. Mkanda wa filamu hii kwa kipimo hicho una urefu wa futi 6,930 hivi. Nakala ndogo ni ya milimita 16, ile tuliyoizoea hapa shuleni, na kwa kipimo hicho filamu hii haifiki futi 2,800, yaani rili mbili kubwa. Ukiupata mkanda, usikimbilie kuuweka kwenye projekta. Usome ukingoni. Kiwanda cha Kodak kiliweka alama ndogo, duara, mraba, pembetatu, kueleza mwaka mkanda ulipotengenezwa. Alama hizo hurudiwa kila baada ya miaka 20, kwa hiyo lazima uwe na ushahidi mwingine pia. Kwa njia hiyo utajua kama nakala ni ya zamani kama filamu yenyewe au ni kopi ya baadaye.

Pili, uunuse. Wahenga walisema akiba haiozi. Walisema hivyo kwa sababu hawakuweka filamu. Filamu huoza. Mikanda ya zamani kabisa ilikuwa ya nitrati, ambayo huwaka kama baruti, na iliacha kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Iliyofuata ikaitwa salama, na kweli haiwaki ovyo, lakini penye joto na unyevu huanza kutoa harufu ya siki, hujikunja, husinyaa, na mwisho projekta haiwezi kuipitisha. Tena ugonjwa huo huambukiza. Kopo moja lenye harufu ya siki likiwekwa kati ya mengine, yote yatanuka. Dawa yake ni ubaridi, ukavu na hewa inayopita. Juu ya kabati karibu na bati la paa si mahali pa filamu.

Tatu ni karatasi. Mabango ya filamu ya wakati ule yalikunjwa, yakatumwa kwenye sinema, na yalitakiwa yarudishwe baada ya onyesho. Mengi yalichakaa au yakatupwa. Ndiyo maana bango la filamu ndogo laweza kuwa adimu kuliko la filamu kubwa. Chini ya bango la Marekani utaona namba inayoanza na mwaka, na likiwa ni la kutoa filamu mara ya pili huwa na herufi R. Kijana asiyejua herufi hiyo atauziwa mbuzi kwenye gunia. Zipo pia kadi za picha zilizotundikwa milangoni mwa sinema, nane kwa kila filamu, na watu hutafuta maisha yao yote ile moja inayokosekana.

Nne ni mahali. Wapo wanaosafiri kwenda kusimama pale pale aliposimama mwigizaji. Hao "Woman on the Run" imewachezea. Ule uwanja wa michezo wa ufukweni, ambao katika hadithi uko San Francisco, ulipigwa picha kwenye gati la Ocean Park huko Santa Monica, kusini kabisa, mbali na mji ule. Mtu anaweza kuzunguka San Francisco wiki nzima akiutafuta.

Wala msidhani kazi hii ilikuwa na heshima siku zote. Mwaka 1974 maofisa wa FBI walipekua nyumba ya mwigizaji Roddy McDowall, yule wa "Planet of the Apes", wakachukua filamu zake. Hakushtakiwa, lakini wakusanyaji wengi waliogopa, wakaficha makopo yao. Kampuni zilikuwa na haki ya kulinda mali yao, hilo sibishi. Ila miaka ilivyopita, kampuni na hazina zikaanza kubisha hodi kwa watu wale wale waliowaita wezi, zikiuliza kama kwa bahati wanayo nakala ya filamu fulani.

Kopo la stoo

Nakaribia mwisho, na mwisho wenyewe si wa Marekani.

Mwaka 1978 nilikuwa kiranja wa stoo katika shule hii. Wazee mnakumbuka kwamba tulikuwa na projekta ya milimita 16, na Jumamosi tulitundika shuka mbili zilizoshonwa pamoja, pale nyuma yangu. Filamu zilikuwa za kuazima. Lakini ilikuwapo moja iliyokuwa yetu wenyewe. Mwalimu mmoja wa sayansi, ambaye sasa ni marehemu, alipiga picha za siku ya michezo ya mwaka 1976 kwa kamera yake. Hazikuwa na sauti. Zilikuwa dakika kumi hivi, watu wakikimbia, watu wakianguka, Mkuu wa Shule akipeana mikono.

Mwaka ule mvua iliingia stoo. Halafu tukaambiwa mgeni anakuja, kila mahali pasafishwe. Nilifungua kopo nikakuta lina kutu, mkanda umelowa na kugandana. Hakuna aliyeniamuru niutupe. Niliamua mwenyewe. Niliupeleka shimoni nyuma ya jiko pamoja na magodoro mabovu, nikautia moto. Haukulipuka. Uliyeyuka polepole, nami nilikuwa nimesimama na ufagio, nikijiona kiranja hodari.

Miaka mitatu iliyopita tulimzika mwenzetu mmoja wa darasa lile. Jina lake mnalijua, sitalitaja kwa kuwa familia haikuniruhusu. Siku ya arobaini mjane wake alinikalisha kando, akaniambia, "Shemeji, mimi nilimjua akiwa mtu mzima, na mzee wangu hakuwa msemaji. Wewe ulisoma naye. Alikuwaje?"

Nikamweleza nilichokumbuka. Nikamweleza kwamba alikimbia mbio za kupokezana vijiti, akapoteza kiatu, akaendelea na kimoja hadi mwisho, na uwanja mzima ukacheka na kushangilia. Akacheka na yeye, halafu akauliza, "Hakuna picha?"

Ilikuwapo. Ilikuwa dakika nzima, kiatu kikiruka na yeye akikimbia. Nikamwambia hakuna. Sikuwa na ujasiri wa kumweleza kwa nini hakuna. Namweleza leo mbele yenu, na nimemwandikia barua pia.

Usiku ule nilipofika nyumbani niliitazama tena "Woman on the Run", na ndipo nilipoielewa. Eleanor ni mkusanyaji. Kipande hiki cha mumewe kiko kwa mwenzake wa kazi, kile kiko dirishani dukani, kile kiko kwa mtu wa baa, naye anavikusanya vyote kabla usiku haujaisha. Yeye alifaulu kwa sababu wale watu walikuwa wamevitunza vile vipande bila kujua ni vya nani. Shemeji yangu alikuja kwa mtu aliyekuwa na kipande, akakuta mtu huyo alikitia moto.

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, nimesikia kwamba ile stoo itasafishwa ili iwe chumba cha kompyuta. Ni jambo jema, na mchango wangu nimeshautoa kwa mweka hazina. Lakini asubuhi ya leo niliomba ufunguo nikaingia. Projekta bado iko, taa yake imekufa. Yako makopo manne yasiyo na maandishi. Moja lina harufu ya siki. Yako madaftari ya majina, na bahasha ya negativu za picha za darasa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kompyuta zije, lakini naomba mambo matatu.

Mosi, asitupe mtu kitu chochote kabla hakijaandikwa kwenye daftari, hata kama kinaonekana takataka. Pili, lile kopo lenye harufu ya siki litengwe na yale mengine leo hii, kabla hatujalala. Mimi niko tayari kuyabeba yote manne mpaka kwa mafundi wanaoweza kuyatazama bila kuyaharibu, na gharama tuigawane. Tatu, wawepo vijana wanne, wa kidato chochote, watakaokaa na sisi wazee kesho baada ya ibada, watufungulie zile picha na kuandika nyuma yake majina ya watu, maana tunaoyajua majina hayo tunapungua kila mwaka.

Na ninyi kidato cha nne, ambao kila mmoja ana simu yenye picha elfu, msinicheke. Simu huanguka, na picha isiyo na jina wala mwaka, baada ya miaka 40 ni ya nani?

Nimewaahidi wali usipoe, na naona kofia ya mpishi mlangoni. Tutakula, halafu tutamtazama Ann Sheridan akimtafuta mumewe. Mkifika kwenye vile vigari, msinishike mkono, mimi mwenyewe huogopa.



(Mhariri anaongeza: Filamu ilionyeshwa usiku ule. Diski imeachwa maktaba, na wanachama waweza kuiomba. Makopo manne yameandikwa daftarini, na lile lenye harufu limetengwa. Vijana waliojitokeza Jumapili walikuwa kumi na mmoja.)